Kila upande unasema wao ndio wa asili. Kikundi chetu cha tafakuri kifuate nani?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Bagamoyo. Naomba unisome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe ni refu na nimelibeba peke yangu.

Mimi ni mshonaji, nina cherehani mbili barazani kwangu, Magomeni ya hukuhuku Bagamoyo. Mume wangu alipofariki nilikosa usingizi kabisa. Nilikuwa macho mpaka adhana ya alfajiri, mchana mkono unatetemeka kwenye sindano. Wakati huo nilikuwa namshonea dada mmoja wa Dar es Salaam sare za wafanyakazi wake. Alipokuja kuchukua mzigo akaniona nilivyokonda, akakaa nami mkekani, akanifundisha: nyoosha mgongo, fumba macho, fuata neno moja moyoni, mawazo yakikuchukua rudi taratibu bila kujigombeza. Asubuhi na jioni. Hakunidai hata shilingi. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, nami nikaendelea.

Dada yule aliipata njia hii kwenye jumuiya moja ya tafakuri iliyoanzia India na yenye matawi nchi nyingi. Jina lake sitalitaja. Majirani walipoona nimetulia wakauliza siri, nikawaeleza, na hivyo ndivyo kikundi kilivyozaliwa. Tunakaa kila Jumanne baada ya Magharibi. Tupo Waislamu na Wakristo: wauguzi, mwalimu, mvuvi, mama lishe, na fundi mmoja wa kuchonga milango. Fundi huyo alituchongea kibao cha mninga chenye jina la jumuiya na ua la nembo yao pembeni, tukakitundika juu ya mlango. Dada alikuja kutuona, akafurahi, akaniletea barua ya idhini ya kuongoza yenye muhuri wa makao makuu.

Shangazi, mwaka juzi kiongozi mkuu wa jumuiya alifariki huko kwao. Hata arobaini haijapita wakagawanyika. Upande mmoja unaongozwa na mtu anayesema aliteuliwa kwa barua. Upande wa pili ni jamaa wa marehemu na wanafunzi wake wa zamani, wanaosema barua ile ina walakini.

Hao wenye makao makuu wametuandikia. Wanataka tuache vitabu vya zamani tununue vipya. Wanataka majina, namba za simu na kazi ya kila mwanakikundi. Wanataka mchango kila mwezi. Idhini yangu wanasema imekwisha mpaka niende kufundishwa upya kwa gharama yangu, na atakayefundisha bila idhini ni mwizi, na wanaomfuata wanaweza kudhurika akili. Pia wanasisitiza kwamba njia hii mwanzilishi aliipata mwenyewe, haikuwahi kujulikana duniani, na ni marufuku kumtaja mwalimu aliyemfundisha, ingawa vitabu vile vya zamani vinamtaja waziwazi.

Upande wa pili wanatuambia njooni kwetu, sisi ndio asili, wenzetu wamechakachua. Hawatudai hela. Wanachotaka ni sisi tutamke hadharani kwamba wale ni matapeli.

Nilisoma barua zote mbili kikundini. Fundi, ambaye ni muridi, yaani mfuasi, wa tarika ya kisufi ya Qadiriya kama babu yake, akasema, "Hii mnayoiita mpya ni zikri ya moyoni, kumtaja Mungu kimyakimya. Watu wa tarika wanaijua tangu zamani, hakuna Mhindi aliyeigundua." Muuguzi mmoja, Mkristo, akasimama: kama ni zikri basi yeye amekuwa akidanganywa, haji tena. Wengine wakadakia. Jioni ile birika la tangawizi lilipoa, vikombe vikabaki vimefunikwa kwenye sinia, watu wakaondoka mmoja mmoja.

Linaloniuma zaidi ni dada wa Dar. Amechagua makao makuu na simu zangu hapokei. Alinitumia ujumbe wa sauti mmoja tu: "Mdogo wangu, usinivunjie heshima. Bila mimi ungekuwa wapi leo?" Nausikiliza usiku, nalia.

Shemeji yangu ananishauri nianzishe changu, nibadilishe neno hapa na pale, niseme nimeoteshwa. Eti wote ndivyo wanavyofanya.

Naomba uniambie, Shangazi. Nani wa asili kweli? Tuna haki ya kuendelea kukaa bila wao? Na mimi ni mwizi?

Mshonaji, Bagamoyo

---

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa mumeo, na pole kwa huu mwingine, maana kugombana na aliyekushika mkono ukiwa chini nako ni msiba.

Wewe si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi upya.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa na nimeona kitu. Makao makuu, jamaa wa marehemu, fundi wako na hata shemeji yako wanapingana kwa kila jambo isipokuwa moja: wote wanaamini kwamba mwenye haki ya kusimama mwenyewe ni yule aliyeanzisha. Ndiyo maana makao makuu wanamficha mwalimu wa mwanzilishi. Ndiyo maana jamaa wanapigania neno asili. Ndiyo maana fundi anasema ni yetu. Na ndiyo maana shemeji anataka uzushe ndoto. Mimi hapo ndipo ninapokataa. Mtu anaweza kujitegemea kabisa bila kuwa ameanzisha chochote, na kwenu Bagamoyo mnao mfano wake mkubwa kuliko yote ninayoijua.

Sheikh Yahya bin Abdallah, mnayemwita Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, huko Kongo. Hakuwa na ukoo wa kujivunia mjini. Alisoma, akafundisha, akapata ijaza ya Qadiriya, yaani idhini ya kufundisha, akawa khalifa, kiongozi wa tarika, ambaye watu walimfuata kutoka mbali na mji wenu. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad akaendeleza. Muulize fundi wako: nani alimdai Sheikh Ramiya athibitishe kwamba zikri aliigundua yeye? Hakuna, na angedai kuigundua ndipo angetiliwa shaka. Kwenye tarika heshima ya mtu ni kupokea kwa mkono safi na kusema kwa sauti nimepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Halafu, akishapewa ijaza, anafungua kikao chake, anaongoza, anawapa wengine. Hakuna anayemwona mwizi. Amejitegemea, na hakuanzisha kitu.

Sasa twende India kwenyewe, maana mgogoro wenu si wa kwanza kutokea huko.

Kulikuwa na karani mmoja Mhindu, Ram Chandra wa Fatehgarh, aliyezaliwa 1873. Wanafunzi wake humwita Lalaji. Mwalimu wake wa mambo ya moyo alikuwa Mwislamu, Maulana Fazl Ahmad Khan, sufi wa tarika ya Naqshbandi, tarika inayojulikana kwa zikri ya kimya. Maulana hakumtaka abadili dini. Lalaji alifundisha Wahindu wenzake mpaka alipofariki, mwaka uleule wa 1931. Baada yake wanafunzi wake wakaanzisha vikundi mbalimbali. Mmoja wao, aliyekuwa naye na jina hilohilo la Ram Chandra, wa mji wa Shahjahanpur, alianzisha mwaka 1945 jumuiya aliyoipa jina la mwalimu wake, Shri Ram Chandra Mission. Huyu naye alipofariki, 1983, yakatokea unayoyaona. Parthasarathi Rajagopalachari wa Madras alishika uongozi kama mrithi aliyeteuliwa, wengine wakiwemo watu wa familia ya marehemu wakapinga, na ugomvi wa nani mrithi na mali ni ya nani ukafika mahakamani, ukakokotwa miaka na miaka. Na swali la asili likaenda pamoja nao. Wapo wafuasi wanaosema Lalaji aliifufua njia ya kale ya yoga iliyokuwa imepotea. Wapo wanaosema alichofundisha ni kile alichopewa na sheikh wake wa Naqshbandi. Mpaka leo hawajakubaliana.

Sikwambii habari hii ili fundi apate la kuwatambia wenzake. Nakwambia kwa sababu ya muuguzi.

Muuguzi wako ameogopa kwamba akikaa na neno moja moyoni amekuwa muridi bila kujua. Mweleze habari za padri John Main. Huyu alikuwa Mwingereza mwenye asili ya Ireland. Miaka ya 1950 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Malaya, Malaysia ya leo, na huko swami mmoja, yaani mtawa wa Kihindu, Satyananda, alimfundisha kukaa kimya na neno moja. Swami alimwambia kwa kuwa wewe ni Mkristo, tumia neno la Kikristo. Baadaye Main aliingia utawa wa Wabenedikto, na mkuu wake akamwagiza aache mambo yale. Akaacha, kwa utii, miaka mingi. Kisha akiwa anasoma maandishi ya mtawa wa kale, Yohane Kasiano, aliyeishi karne ya 4 na ya 5, akakuta wamonaki wa jangwa la Misri walikuwa wakirudia mstari mmoja tu wa zaburi, ule wa kumwomba Mungu aje hima kuwasaidia, mchana na usiku. Kumbe kitu kile kilikuwa nyumbani kwake muda wote! Akarudi kukaa, mwaka 1975 akafungua kituo London, na mpaka alipofariki 1982 aliwafundisha Wakristo wengi, huku akisema bila aibu nani alimfundisha kwanza.

Kwa hiyo Mhindu alipokea kwa Mwislamu, Mkatoliki alipokea kwa Mhindu kisha akakuta babu zake walikuwa nayo. Hakuna hata mmoja wao aliyeibiwa dini. Usilisome hili mbele ya watu kama hoja ya kumshinda muuguzi. Nenda kwake siku asiyo zamu, peke yako. Mwambie achague neno la sala yake mwenyewe, au asirudi kama moyo wake hautaki, na mtaendelea kusalimiana vilevile. Fundi naye mwambie ukweli: kusema hakuna aliyeigundua ni sawa, ila akigeuza maneno yale yakawa ya kuipa umiliki tarika yake, atakuwa anafanya kilekile wanachofanya makao makuu. Na kama anataka zikri yenyewe, ana zawiya yake, yaani nyumba ya tarika, na masheikh wake. Jumanne barazani kwako pabaki pa wote.

Umeuliza nani wa asili. Jibu langu ni kwamba huna haja ya kulijua ili uamue. Barua ya uteuzi ina walakini au haina, wewe Bagamoyo huna njia ya kuipima, na mtu asikulazimishe kutia sahihi kwenye ugomvi usio na ushahidi wake mkononi. Upande wa pili hawakudai hela, kweli, lakini wanachodai ni ulimi wako, na mimi naona hiyo ni ghali zaidi. Ukiwaita watu matapeli hadharani kwa neno la kuambiwa, kesho huwezi kulirudisha.

Sasa haki. Hapa inabidi tutenganishe vitu, maana makao makuu wamevifunga fungu moja.

Kukaa kimya, kufumba macho, kufuata neno, kurudi mawazo yakitoroka: hivyo havina mwenyewe. Hakimiliki hulinda kitabu, rekodi, picha na mchoro, yaani namna mtu alivyolieleza jambo. Hailindi njia yenyewe ya kulitenda. Marekani walilipigania hili mahakamani. Bikram Choudhury alidai mpangilio wake wa mikao 26 ya yoga na mazoezi mawili ya pumzi ni mali yake, na wanafunzi wake wa zamani waliofungua darasa lao wamemwibia. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema kitabu chake ni chake, lakini mpangilio wa mazoezi hauwezi kuwekewa hakimiliki. Kwetu Tanzania sheria ya hakimiliki ni ya mwaka 1999, na msingi ni huohuo wa dunia nzima: wazo na njia vipo huru.

Jina na nembo ni habari nyingine. Hivyo vinaweza kusajiliwa na kumilikiwa, na hata visiposajiliwa vina wenyewe waliovibeba miaka yote. Hapo makao makuu wana haki, nami nitakuwa mkali kwako kidogo: kile kibao cha mninga kishushe wiki hii. Najua kimechongwa kwa mapenzi. Lakini mtu anayepita njiani akikisoma anaamini ndani mna watu wa jumuiya ile, wanaosimamiwa nayo, na sivyo ilivyo tena. Mbao ni ya fundi, mrudishie aamue mwenyewe cha kufanya nayo. Vitabu vya zamani mlivyonunua ni vyenu, visomeni, ila msivitoe kopi. Na kikundi kikihitaji jina, kipeni la kwenu kabisa lisilofanana na lao hata kwa mbali. Hiyo hila ya kubadilisha herufi mbili usiifanye.

Orodha ya majina na namba za simu usiitume. Taarifa za mtu ni zake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani, na iliyoweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Anayetaka kujiandikisha kwao ana mikono, ataandika mwenyewe.

Kuhusu vitisho vya kudhurika akili, nataka unielewe vizuri, maana pana uongo na ukweli vimechanganywa. Uongo ni kwamba kinga inatoka kwenye muhuri. Dokta Herbert Benson wa Harvard aliwapima watu waliokuwa wakifanya tafakuri ya kurudia neno, na mwaka 1975 akaeleza kwamba utulivu ule wa mwili, pumzi kupungua kasi na moyo kutulia, hupatikana kwa neno lolote mtu analoliridhia, ilimradi akae kwa utulivu na asipambane na mawazo. Idhini haikuwemo kwenye vipimo. Ukweli ni kwamba wapo wachache ambao kukaa kimya kwa muda mrefu kunawaamshia hofu, kumbukumbu mbaya, au maradhi ya akili waliyowahi kuugua. Ulipokuwa chini ya jumuiya ungeweza kusema nitauliza wakubwa. Ukijitegemea, mkubwa ni wewe. Kwa hiyo usiwaongezee watu muda wa kukaa kwa kushindana. Mgeni muulize faraghani kama amewahi kuugua. Mtu akianza kusikia sauti, au akikaa siku kadhaa bila usingizi, au akisema maneno ya kutaka kufa, mwambie asimamishe zoezi, na mumsindikize hospitali siku hiyohiyo. Una wauguzi kikundini, hiyo ni neema, wape kazi hiyo rasmi. Nakwambia hili kwa uzito kuliko yote ya sheria niliyoyasema.

Shemeji yako ana nia njema, lakini ushauri wake ni sumu. Ukisema umeoteshwa, utaishi ukimwogopa kila anayejua ulikofundishwa, na wa kwanza kumwogopa atakuwa dada yako wa Dar. Tazama alivyofanya S. N. Goenka, aliyeanza kufundisha vipassana, tafakuri ya Kibudha, India mwaka 1969. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Burma, Myanmar ya leo. Kila mahali alitaja kwamba alifundishwa na U Ba Khin, aliyekuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma, na U Ba Khin alifundishwa na Saya Thetgyi, mkulima, naye na mtawa Ledi Sayadaw. Wanafunzi wengine wa U Ba Khin walishika njia zao na kufundisha kwa namna zao, na wao pia jina la mwalimu hawakulificha. Nawe fanya hivyo. Mgeni akija Jumanne, kabla hajafumba macho, mwambie: nilifundishwa na dada mmoja wa Dar es Salaam, yeye alifundishwa kwenye jumuiya fulani, na sisi hapa hatupo chini ya jumuiya hiyo. Hapo utakuwa umeshamaliza deni la ukweli kwa pande zote.

Na huyo dada.

Usimjibu kwa simu, wala usimtumie ujumbe mrefu. Kutoka Bagamoyo mpaka Dar ni kilomita zipatazo 70, panda gari uende. Chukua ile barua ya idhini yenye muhuri umkabidhi mkononi, kwa sababu ilikuwa ya kufundisha kwa jina lao na hutafundisha tena kwa jina lao. Sikilizia vizuri ujumbe wake: "Bila mimi ungekuwa wapi?" Mimi nasikia mtu anayeogopa kusahauliwa. Huenda naye anabanwa huko juu, anaulizwa kikundi chako kimeponyokaje. Mjibu swali lake kama lilivyo. Mwambie bila wewe dada, nisingekuwa na usingizi, pengine nisingekuwa na akili zangu, na nitalisema hilo kwa kila mtu mpaka nife. Halafu mwambie hutajiunga na upande wowote. Usiyachanganye hayo mawili yakawa sentensi moja yenye lakini katikati. Lile la kwanza liache likae, mnywe chai, ndipo useme la pili.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukufungia mlango. Shukrani hailipwi kwa utii, mwanangu, na aliyekufundisha bila kudai shilingi hakuwa anakununua, hata kama leo maneno yamemtoka kana kwamba alikununua. Mpe muda. Sikukuu zikifika mtumie salamu, mavazi yake akihitaji mshonee kwa bei ileile. Kama uhusiano utarudi, utarudi kwa njia hiyo.

Kwa zile pande mbili andika barua moja, maneno yaleyale kwa wote, fupi. Kwa mfano: "Tunatoa pole kwa msiba wa kiongozi wenu na tunashukuru kwa mafundisho yaliyotufikia kupitia mwanafunzi wenu. Kuanzia sasa kikundi chetu kinajitegemea. Hatutatumia jina wala nembo yenu, na hatutadai idhini yenu. Hatuna upande katika mgogoro wenu. Mwanakikundi anayetaka kujiunga nanyi yuko huru." Basi. Wakijibu kwa matusi usijibu. Wakija na wakili, hapo mtafute wakili nawe, lakini ukishashusha jina na nembo sioni watakachokushika nacho.

Barua hiyo isitoke kwako peke yako. Isome kikundini kwanza. Wapo watakaotaka kubaki na makao makuu, waage kwa heri. Wakibaki wa kutosha, mjulishe mwenyekiti wa mtaa kwamba mnakutana na mnafanya nini, ili maneno ya mtaani yasitangulie. Nenda pia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kwenye Halmashauri ya Wilaya, akueleze usajili unaowafaa watu wa aina yenu, hasa kama mnachangishana. Kama hamchangishani zaidi ya sukari na tangawizi, mimi ningewashauri mbaki hivyohivyo.

Kwenda kufundishwa upya, hapana. Ungetaka kwenda kwa kupenda, ningesema kopa nauli. Kwa kutishwa, usiende.

Bado liko moja hukulisema, nami naliuliza. Kama mlishaanza kukusanya ile michango ya kila mwezi kwa jina la jumuiya na haijatumwa, fedha hiyo si ya kikundi kipya. Kaa na wanakikundi wawili mhesabu pamoja, kila aliyetoa aulizwe anataka irudi kwake au iende makao makuu kama alivyokusudia, na kila mmoja aweke sahihi yake kwenye daftari.

Shangazi